Plastiki ya nyonga bandia: kulika na kupasuka

Karatasi moja ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.1. Kikombe cha plastiki cha zamani katika nyonga bandia kililika takriban kiasi hicho kila mwaka. Ni kidogo, mpaka upige hesabu: kichwa, yaani mpira unaozunguka ndani ya kikombe, chenye kipenyo cha milimita 28 kikizama kina hicho, hutoka unga wa milimita za ujazo 60 hivi. Punje zake nyingi hazifiki hata maikromita 1. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuzimeng'enya, kisha huchochea mfupa wa jirani uliwe. Hivyo kikombe hulegea bila hata kupasuka.

John Charnley, daktari mpasuaji wa Uingereza, alilijua tatizo hili mapema. Vikombe vyake vya kwanza vya Teflon vililika vibaya mno, na mwaka 1962 akahamia plastiki ya polithilini.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, plastiki hiyo hupigwa mionzi mikali ili minyororo ya molekuli zake ishikane. Kasi ya kulika imeshuka sana, na hilo limeonekana ndani ya miili ya watu, si kwenye mashine za majaribio tu.

Wenye mashaka nao wana hoja. Mionzi huacha radikali huru, yaani vipande vya molekuli vinavyoungana upesi na vingine, ambazo zikikutana na oksijeni hufanya plastiki iwe kavu na rahisi kuvunjika. Ukiiyeyusha unaziondoa, lakini unapunguza fuwele zinazoipa plastiki uimara wa kuhimili mzigo unaojirudia, na nyonga hupokea hatua zipatazo milioni moja kwa mwaka. Ukiipasha moto bila kuiyeyusha, uimara unabaki, na radikali kadhaa nazo zinabaki. Vitamini E huongezwa ili kukwepa mtego huo; inaleta matumaini, ila rekodi yake bado ni fupi.

Kwangu mimi mizani inaelemea plastiki mpya. Nyufa zilizoripotiwa mara nyingi huanzia ukingoni, pale plastiki ilipo nyembamba na kikombe kimesimama wima kupita kiasi. Lawama nyingi hapo ni za vipimo na pembe, kuliko za plastiki yenyewe.

Ndiyo maana mbio za vichwa vikubwa zinanitia wasiwasi. Kichwa cha milimita 36 hakichomoki kirahisi, faida ambayo mgonjwa huiona mara moja. Lakini ganda la chuma linaloshikilia plastiki halipanuki kwa sababu kichwa kimekua. Nafasi hiyo inamegwa kwenye plastiki. Tena kina kilekile cha milimita 0.1 sasa kinatoa unga wa milimita za ujazo 100 hivi. Kwa mgonjwa mwenye nyonga ndogo, ningeuliza kwanza plastiki itabaki na unene gani.

Picha za eksirei nazo zisomwe kwa uangalifu. Katika mwaka wa kwanza au wa pili kichwa huzama kidogo kwa sababu plastiki inabonyea tu, haijalika. Kinachohesabika ni kasi ya baada ya hapo, na lazima ipimwe hata kwa asiyesikia maumivu, kwa kuwa mfupa unaweza kuliwa kimyakimya kwa miaka.