Mtoto wa Gredi ya Nne Bado Anahitaji Busta

Mtoto akiingia shule ya msingi, wazazi wengi hapa Nairobi humwondolea kiti chake cha gari. Wengine humpa kiti cha mbele, kando ya dereva, kama zawadi ya kukua. Naona hilo ni kosa kubwa. Mkanda wa gari umetengenezewa mwili wa mtu mzima, na kinachoamua ni kimo, si gredi. Mpaka mtoto afikishe sentimita 145 hadi 150, kwa wengi kati ya miaka 10 na 12, anahitaji busta, kile kiti cha kumwinua.

Tatizo liko nyongani. Mifupa ya nyonga ya mtoto wa miaka saba haijakomaa vya kutosha kuushikilia mkanda. Tena, bila busta, mapaja yake ni mafupi kuliko kiti, kwa hiyo huteleza mbele ili aweze kukunja magoti, na mkanda wa kiunoni unapanda tumboni. Gari likigonga, unabana matumbo na ini, hata kuumiza uti wa mgongo. Ule wa begani humsugua shingo, naye huupitisha nyuma ya mgongo au chini ya kwapa. Hapo kifua hakina kizuizi, na kichwa hugonga kiti cha mbele. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kishindo chake ni kama cha kuanguka kutoka ghorofa ya tatu.

Mpime ndani ya gari lenyewe, maana viti vya Vitz na vya Noah havifanani. Mgongo uguse kiti, magoti yakunjike ukingoni, mkanda wa chini ulalie mapaja, wa juu upite katikati ya bega. Akae hivyo safari nzima, hata akisinzia kwenye foleni ya Waiyaki Way. Kimoja kikikosekana, mrudishe kwenye busta.

Busta isiyo na mgongo inafaa tu pale kiti cha gari kina egemeo la kichwa. Mkanda wa kiunoni upite chini ya vishikio vyote viwili vya pembeni mwa busta. Wa begani upite chini ya kishikio cha upande wa kifungio pekee. Mto wa sofa haufai, kwa sababu hubonyea na kuteleza. Kabla ya kumfunga, mvue begi la mgongoni na lile jaketi nzito la Julai. Vyote huacha mkanda ukiwa umelegea. Kagua pia kava za viti, kwani mara nyingi huzika vifungio.

Kiti cha katikati nyuma, kwenye magari mengi ya zamani, kina mkanda wa kiunoni tu. Usiweke busta hapo. Na mnapobebeana watoto wa majirani asubuhi, idadi yao isizidi mikanda iliyopo. Mkanda mmoja usifunge wawili, hata kama shule iko hapo tu Kilimani.