Nisubirini, Nywele Hazijakauka

Mwaka juzi nilirudi Lamu kutoka Malindi na kichwa kilichonyooshwa. Ilikuwa wiki ya harusi ya mpwa wangu, na binti yangu anayeishi huko alinishika mkono akanipeleka saluni. "Mama, siku ya kupamba utavua mtandio mbele ya wanawake wote wa mtaa wa Mkomani. Utakwenda na nywele hizo?" Nilikaa kitini saa tatu nzima. Draya kwanza, kisha pasi, fungu kwa fungu, mpaka nikanuka kama kuku aliyebabuliwa. Kwenye kioo nilimwona dada yangu mkubwa, mwenye singa zake za kuzaliwa nazo.

Basi likanishusha Mokowe, nikapanda boti. Kusi lilikuwa linavuma, maji yanaruka, mtandio wote umelowa chumvi. Nilipouvua nyumbani, upande wa kulia nywele zilikuwa bado zimelala, upande wa kushoto zimefura kama kumbi la nazi lililochambuliwa. Mjukuu wangu wa miaka sita alinizunguka, akaniuliza, "Bibi, umelalia upande mmoja?"

Zangu si singa, na si za kipilipili. Ni nyingi, nzito, zina mawimbi, na hewa ikiwa na unyevu hutimka. Na kwetu hewa ina unyevu lini haina? Ujanani uzito ule ulikuwa sifa. Mama alizisonga mashungi mawili, akatia asumini, nikaonekana mtu. Nilipovuka hamsini zikabadilika tabia. Mvi zilianza pajini, na mvi zangu hazikuja kwa adabu: kila moja ni kavu, ngumu, imesimama peke yake kama waya.

Nilidhani ni uzembe wangu. Kumbe ni umri. Hedhi ikishakatika, ngozi ya kichwa hupunguza mafuta yake, na mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yakiteleza kwenye unywele na kuulainisha. Unywele wenye mawimbi huumia zaidi, kwa sababu kila kona ni mlima ambao mafuta hayaupandi. Tena unywele hunywa unyevu wa hewani. Vile vifungo vidogo vya ndani vilivyoshikwa na pasi ni vifungo visivyostahimili maji. Maji yakirudi hufunguka, na unywele hurudi kwenye umbo lake. Kwa hiyo kunyoosha nywele kwa moto na kisha kuvuka bahari ni kama kupiga pasi kanzu na kuivaa kwenye mvua.

Iko dawa ya kunyoosha, naijua. Hiyo huvunja vifungo vigumu zaidi, havirudi tena. Lakini ni kemikali kali inayoweza kuunguza kichwa, na kwa ngozi iliyokwisha kukauka ya mtu wa miaka sitini na mbili mimi sijioni nikiipaka. Piko la kupaka mvi nalo nimelikataa. Rangi nyeusi nyingi huwa na kemikali iitwayo PPD, na nimeona mkono wa jirani ulivyovimba malengelenge baada ya kupambwa; kichwani sitaki kujaribu. Hina safi ni salama zaidi, ila kwenye mvi hutoka rangi ya chungwa, na mimi sina sura ya kubeba chungwa.

Sasa nije kwenye neno langu. Naamini shida ya wanawake wa rika langu hapa kwetu haiko kwenye mafuta wala kwenye kitana. Iko kwenye mtandio tunaoufunga juu ya nywele mbichi. Tunaoga haraka kabla ya adhuhuri, tunachana zikiwa bado zinadondoka maji, tunazikaza kwa kibanio, tunatupa mtandio juu, tunakwenda jikoni. Hodi ikipigwa, tumeshasitirika. Usiku tukifungua, ndani kumevunda, kichwa kinawasha, na nywele zimekauka kwa umbo la kibanio. Halafu tunazilaumu nywele!

Nywele za mawimbi zataka muda wa kukauka zenyewe, bila kuguswa. Zangu huchukua saa mbili wakati wa kaskazi, na masika huenda ikawa alasiri nzima. Saa mbili za kukaa wazi bila kazi, hilo ndilo mwanamke wa Lamu hajui kujipa. Kijana atakaa mbele ya kioo mpaka isha, hapana anayemwuliza. Mama mtu mzima akikaa, ataambiwa: wewe una buibui, nani anakuona? Najiona mimi. Tena ananiona mzee wangu, na hajalalamika.

Jumamosi yangu sasa iko hivi. Ijumaa usiku napaka mafuta ya nazi, yale ya kupika tui mpaka yajitenge, na nayaanzia nchani. Watafiti wa India walichapisha majaribio yao 2003: walipolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, ni ya nazi tu yaliyopunguza protini inayopotea nywele zikioshwa, kwa kuwa yanaingia ndani ya unywele. Bibi yangu hakuingojea karatasi hiyo.

Asubuhi naosha, na maji ya mwisho huwa ya mvua kama pipa lina kitu. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi, na huacha nywele zikikwaruza. Kondishona natia kwa wingi, nachana hapo hapo zikiwa na utelezi, kwa kitana cha meno mapana, kuanzia chini kupanda juu. Kukausha natumia fulana kuukuu ya mzee. Taulo huzisugua zikatimka kabla hata hujatoka bafuni. Nasonga mikia miwili milegevu, milegevu kweli, kisha napanda darini, juu ya nyumba.

Huko ndiko penye kazi, na kazi yenyewe ni kutofanya kitu. Mkono hutaka kwenda kichwani, mimi naupa mchele wa kuchagua. Zikishakauka kabisa natia matone mawili ya mafuta viganjani, nafumua mikia kwa vidole, na kitana hakiji karibu tena mpaka Jumamosi nyingine. Nywele za mawimbi ukizichana kavu unazigeuza wingu. Nimelisema hili kwa dada zangu mpaka wamenichoka, na bado kila mmoja ana kitana mkobani.

Urefu nimepunguza pia, mpaka mabegani. Nililia kidogo, sitaficha. Lakini ncha zile zilikuwa za miaka mingi, zimepasuka, na uzito wake ulikuwa ukivuta mawimbi yote chini, juu kukabaki utando.

Harusi ya mwezi uliopita nilivua mtandio nikiwa na mvi zangu na mawimbi yangu, nimebana kikuba upande mmoja. Shoga mmoja akaninong'oneza kama nimetia dawa gani. Nikamwambia dari. Hakuelewa.

Basi wanaokuja kwangu Jumamosi asubuhi wajue. Pigeni hodi, nitaitikia kutoka juu, na kahawa iko kwenye birika. Ila sishuki mpaka ncha ya mkia wa kushoto ikauke, maana huo siku zote ndio wa mwisho.