Sensei Wako Hahitaji Kinyago

Ikikaribia Aprili, mwezi unaofungua mwaka wa masomo Japani, na tena ikikaribia Oktoba kwa wanaoingia muhula wa pili, vijana wetu waliopata ufadhili wa Monbukagakusho, ule wa serikali ya Japani, au wa JICA, shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, huanza kuulizana swali moja: sensei, yaani profesa atakayenisimamia, nimpelekee nini? Jibu hutoka haraka, kama limekaririwa. Nenda Mwenge, kwenye soko la vinyago Dar es Salaam, tafuta kinyago cha Kimakonde, kiwe kikubwa kidogo asije akakuona bahili. Wengine huongezea picha ya Tingatinga yenye fremu, au twiga wa mbao mwenye shingo isiyoingia kwenye begi lolote.

Mimi nasema kinyago kibaki Mwenge. Nimesoma Japani, nimetoa zawadi na nimewaona wenzangu wakitoa, na sijabadili mawazo. Mtu ambaye bado hujamjua mpelekee kitu kidogo, kinacholiwa au kunyweka, kinachotoka kwenu kweli, kilichofungwa kwa heshima. Basi.

Ingia ofisi ya profesa yeyote aliyezoea kupokea wanafunzi wa kigeni, kisha inua macho juu ya kabati la vitabu. Utamkuta tembo wa Thailand, kofia ya Mongolia, ngamia wa ngozi kutoka Misri, na mbele yao, kwa kuwa hakuna pa kumweka, mama wa Kimakonde aliyebeba mtungi, vumbi limemkaa mabegani. Sensei hawezi kuvitupa, maana kila kimoja kina mtu nyuma yake, na huenda mtu huyo akarudi siku moja kusalimia. Nyumbani navyo haviendi. Nyumba za mijini ni finyu na mkewe ana mipango yake na hiyo nafasi. Kwa hiyo vinasubiri hapo hadi astaafu, halafu anakuja kijana mwingine na kinyago kingine kikubwa zaidi.

Tatizo la ukubwa haliishii kwenye nafasi. Kwetu, kutoa kwingi ni kumheshimu mtu, na anayepokea hushukuru na habari ikaisha. Kwa Wajapani zawadi huwa na safari ya kurudi, inaitwa okaeshi. Katika zawadi za harusi, uzazi au rambirambi, desturi ni kurudisha kitu chenye thamani ya nusu hivi ya kilichopokelewa. Ukimletea sensei kitu cha gharama kubwa siku ya kwanza, umemtia kwenye hesabu ambayo hakuiomba, tena na mwanafunzi ambaye sensei anajua kabisa kwamba hana kipato. Atatabasamu, atashukuru mara tatu, kisha usiku atamuuliza mkewe sasa huyu mtoto tumpe nini.

Halafu lipo la maadili ya kazi, ambalo sisi hatulizungumzi kabisa. Japani ilitunga sheria ya maadili ya watumishi wa serikali kuu mwaka 1999, ikaanza kutumika mwaka uliofuata, na inabana sana zawadi kutoka kwa watu wenye maslahi na mtumishi. Vyuo vikuu vya taifa viligeuzwa kuwa mashirika yanayojitegemea mwaka 2004, kwa hiyo profesa wa leo si mtumishi wa serikali kama zamani, lakini vyuo vina kanuni zake za namna hiyo. Walimu wa shule za umma nao ni watumishi wa umma. Ukihama na familia ukampeleka mtoto shule ya msingi, usishangae mwalimu akiirudisha hata boksi ya biskuti, huku ameinamisha kichwa kwa aibu. Hajakudharau. Mwandikie kadi, mtoto achore picha. Hiyo ataipokea kwa mikono miwili.

Na wewe wa chuo, chagua wakati. Zawadi ni ya siku unapofika, au ya siku unapoondoka. Wiki moja kabla ya kutetea tasnifu si wakati wa zawadi, hata iwe pipi.

Sasa tuje kwenye mfuko wenyewe. Ningeanza na kahawa, bila kusita. Wajapani wanaijua Kilimanjaro kuliko wanavyoijua Tanzania. Jina hilo lipo kwenye menyu za mikahawa na kwenye rafu za maduka ya kawaida. Na kuna jambo watu wengi hapa nyumbani hawalijui: kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa huko, jina Kilimanjaro huruhusiwa kwa kahawa ya arabika ya Tanzania yote, isipokuwa ya Bukoba. Kwa hiyo kahawa ya Mbinga na ya Mbozi, iliyolimwa mamia ya kilomita kutoka mlimani, huuzwa kule kwa jina la mlima. Wahaya wa Bukoba wamebaguliwa, na sijui nani atawasemea. Ukichukua pakiti ya Mbinga, ukachora ramani ndogo kwa mkono kuonyesha Mbinga iko wapi na mlima uko wapi, sensei atakuwa na hadithi ya kuwasimulia wenzake kwa mwaka mzima. Hakikisha imekaangwa, maana buni mbichi zitakusumbua kwa wakaguzi wa mimea. Chukua iliyosagwa, wengi huchuja kwa karatasi, si kila mtu ana mashine ya kusagia.

Wakenya nao wana chai ya Kericho, na sitaanzisha ugomvi hapa.

Kwa maabara au darasa zima, fikiria jinsi watu watakavyogawana. Huko mtu akitoka safari huweka boksi mezani, na kila kilichomo kimefungwa peke yake, mtu anapita anachukua kimoja anarudi kwenye kompyuta yake. Kashata zetu tamu, lakini zikifika zimeshikana tonge moja hakuna atakayezigusa. Korosho za Mtwara zilizokaangwa, ukizinunua katika vipakiti vidogo, hufanya kazi nzuri sana. Andika pembeni kwamba ni korosho, kwa ajili ya wenye mzio. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi. Mjapani huisoma kabla hajasoma jina la bidhaa.

Halua ya Zanzibar watu wanaiogopa kuipeleka, wanasema ni tamu mno kwa Wajapani. Ni kweli biskuti na keki zetu huwashinda kwa sukari. Lakini halua siiweki kundi hilo. Kwenye chai yao ya matcha, ile chungu ya unga wa kijani, mgeni hupewa kwanza kipande kidogo cha kitamu kizito cha maharage na sukari. Ni halua na kahawa chungu ya barazani kabisa, ila wao wanakaa kimya zaidi. Ikate vipande vidogo, umweleze mwenyeji wako kwamba huliwa na kinywaji kichungu, na ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Tena itamfurahisha zaidi mzee wa nyumba kuliko vijana.

Kitu kimoja kisicholiwa nakiruhusu: kanga. Inakunjwa, haikai juu ya kabati, na Wajapani tayari wana utamaduni wao wa kufungia vitu kwa kitambaa, furoshiki. Fungia pakiti ya kahawa ndani ya kanga na umemaliza zawadi mbili kwa mpigo. Kuna na historia humo: zamani kanga nyingi zilizovaliwa mwambao wetu zilichapwa Japani na kuletwa kwa meli. Wajapani wachache sana wanalijua hilo, na wakiambiwa hugeuza kitambaa kukitazama upya. Ila soma jina kabla hujalipa. Usimpelekee mke wa sensei kanga iliyoandikwa Hasidi Hana Sababu, ikaja siku akaivaa mbele ya mgeni wa Kitanzania. Wema Hauozi inatosha, na maana yake uiandike kwenye kadi.

Ukishindwa kabisa kuachana na mpingo, basi kiwe kitu cha kukaa kiganjani, na ujue cha kusema. Vijana wengi Japani hupiga ala katika bendi za shule, na klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo. Yamaha, kampuni ya Hamamatsu, imefanya kazi na vijiji vya kusini mwa Tanzania vinavyohifadhi misitu ya mti huo. Ukikuta mtoto wa mwenyeji wako anapiga klarineti, kipande kidogo cha mpingo kutoka kwenu kitamgusa kuliko sanamu ya nusu mita. Mti huu umeingizwa tangu 2017 kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, sababu nyingine ya kwenda na kidogo na kutunza risiti.

Vya kuacha nyumbani havihitaji maelezo marefu. Nyama ya aina yoyote, iwe kavu, ya kukaushwa kwa moshi au soseji, haiingii bila cheti cha ukaguzi wa mifugo, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 3 au faini ya yeni milioni 3. Maembe ya Muheza, utawaona mbwa wa uwanja wa ndege wakiyanusa kabla hujafika foleni. Mbegu na miche, usijaribu.

Kisha zipo zile orodha za mwiko ambazo kila mtu anazo kwenye simu: usitoe vitu vinne kwa sababu nne husikika kama kifo, usitoe tisa, usitoe kisu, kitana, saa, leso nyeupe. Zina ukweli, na kuepuka vinne hakugharimu kitu, weka vitatu au vitano. Lakini sijawahi kuona Mjapani akichukizwa na mgeni kwa ajili ya hesabu ya pakiti. Nimeona akihangaika na zawadi kubwa. Anayekesha akihesabu pakiti huku amebeba kinyago cha kilo tano amekosea pa kuwekea wasiwasi.

Kutoa kwenyewe ni rahisi. Itoe kwenye mfuko wa plastiki kwanza, maana mfuko ni wa kubebea tu. Mikono miwili, kichwa chini kidogo, sema ni kitu kidogo kutoka nyumbani. Huenda asiifungue mbele yako. Hapo ndipo wetu wengi huvunjika moyo, wakidhani hakuipenda. Ataifungua ukiondoka, na kesho yake utashukuriwa upya, pengine na ujumbe wenye picha ya kikombe.

Familia inayokupokea kwa siku chache ni tofauti kidogo na sensei. Hao wamekupa kitanda, chakula na bafu, kwa hiyo zawadi inaweza kuongezeka kidogo, na pika nao siku moja. Pilau huwa linapendwa. Viungo chukua vya pakiti ya dukani iliyofungwa. Ukishaondoka, kadi ya mwaka mpya, nengajo, ina uzito kuliko chochote ulichobeba. Ikipelekwa posta hukohuko Japani kati ya tarehe 15 na 25 Desemba huwafikia tarehe 1 Januari, na familia zingine huzitunza kwa miaka.

Nimalizie na mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote: katibu wa maabara. Sensei utamwona kwenye semina. Huyu mama ndiye atakayekujazia fomu za bima, atakupigia simu kwa mwenye nyumba, na ndiye atakayejua kwa nini posho ya mwezi huu imechelewa. Naye mwanafunzi mwenyeji aliyepangiwa kukusaidia atakuja kukupokea stesheni na kuzunguka nawe siku nzima, mkiandikisha anwani yako manispaa na kutafuta laini ya simu. Nunua pakiti za kahawa za ziada, zile zile ulizomchukulia profesa, wala usishuke daraja.