Ukigongwa nyuma: mmalizane palepale au udai bima?

Gari likigongwa nyuma kwenye matuta ya barabara ya Tanga–Segera, hukumu hutoka kabla trafiki hajapigiwa simu. Bodaboda wawili na mzee mwenye baiskeli wameshaona yote: "Malizaneni tu, jamani, yasifike mbali." Na mara nyingi hayafiki. Aliyegonga anatoa alichonacho mfukoni, kingine anatuma kwa simu. Karatasi inachanwa kwenye daftari, inaandikwa kwamba fulani amepokea shilingi laki moja na nusu na hana madai yoyote. Saini mbili, kila mtu anashika njia yake.

Wanaomalizana hivyo si wajinga. Ukichagua bima, trafiki aje apime na kuchora ramani, gari likaguliwe, ripoti ya polisi itoke, na mara nyingi kampuni iliyomkatia bima aliyekugonga itataka kwanza ithibitike mahakamani kwamba mteja wake ndiye mwenye kosa. Mfanyabiashara wa Ngamiani anayebebea mzigo gari hilohilo hawezi kuliacha limekaa akisubiri makaratasi. Halafu kuna dereva wa daladala, ambaye gari si lake na jioni tajiri anangoja hesabu. Huyo anamwogopa tajiri kuliko anavyomwogopa hakimu, na akikushika mkono akakwambia "kaka, nisaidie", kumpeleka kituoni kunahitaji moyo mgumu.

Lakini hebu tuulize: huruma hiyo inamnufaisha nani hasa? Bima ndogo ya gari binafsi hukatwa kuanzia shilingi 100,000, na ukiongeza VAT inafika 118,000. Wengi huilipa kama kodi ya kumnyamazisha trafiki. Ukweli ni kwamba bima hiyo haimtengenezei mwenye gari hata taa yake moja. Imekatwa kwa ajili ya mtu mwingine atakayedhurika, na leo mtu huyo ni wewe. Mkimalizana, dereva analipa mfukoni mwake hasara ambayo mwajiri wake ameshailipia bima, nawe unapokea nusu ya unachostahili. Anayepona ni kampuni ya bima tu.

Na ni nusu kweli, kwa sababu pale barabarani hakuna anayeijua hasara. Bampa la plastiki lina tabia ya kubonyea kisha likajirudi. Unaona mkwaruzo na taa iliyopasuka, unasema laki moja na nusu inatosha. Fundi bodi akilifungua anakuta chuma cha ndani kimepinda, sakafu ya buti imejikunja pale tairi la akiba linapokaa, na mlango wa buti unafunga lakini mpira haukai sawa, kwa hiyo mvua ya kwanza inaingia ndani. Kunyoosha, kupiga rangi, taa ya kuagiza Dar: hesabu imekwisha kukupita. Shingo nayo hufanya vilevile. Mtu anashuka mzima, anacheka, kesho yake hawezi kugeuka. Hapo ndipo anapotaka PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, aende hospitali ya Bombo, na kituoni hakuna hata mstari mmoja unaosema aligongwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni yale maneno "sina madai yoyote". Mwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, hudhani yuko salama kwa vyovyote: asipopata huku atapata kule. Sivyo. Kampuni yake ikimlipa hurithi haki yake ya kumdai aliyegonga, ili irudishiwe pesa yake. Sasa ameshaiachia haki hiyo kwa saini, kando ya barabara, bila kuiuliza. Kampuni ina sababu ya kukataa kumlipa, na mtu aliyelipa bima kubwa mwaka baada ya mwaka anabaki na laki moja na nusu kwa sababu ya karatasi ya daftari. Sijui wangapi wangetia saini kama wangelijua hilo.

Tusidanganyane pia kwamba wa nyuma ndiye mwenye kosa siku zote. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hula karibu mita 14 kila sekunde, na anayefuata karibu hana utetezi mkubwa. Lakini kama taa zako za breki zilikuwa zimekufa, au ulirudi nyuma, au ulimkatia njia ghafla, mambo hubadilika. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka trafiki aone magari kabla hayajasogezwa.

Basi mtu akiumia, hata kidogo, hilo si la kumalizana, liende polisi. Buti likikataa kufunga au kufunguka, vilevile. Ikiwa ni taa na mkwaruzo, nyote wazima, sitakulaumu ukimhurumia dereva. Ila kwanza piga picha za magari yote mawili na namba zake, picha ya leseni, ingiza namba ya gari lake kwenye TIRAMIS, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki bima, uone kama bima iko hai, na mpigie wakala wako wa bima kabla ya kushika kalamu. Karatasi nayo isiseme huna madai yoyote. Iandikwe: "Nimepokea kiasi hiki kwa ajili ya taa ya kulia na rangi ya bampa." Akikataa kuisaini hiyo, mpigie trafiki.