Kiti cha Usaili

Simu imelia sasa hivi. Nimeirukia nusura nivunje meza. Ujumbe: "Tunakushukuru kwa kushiriki usaili wetu. Tutawasiliana na waliofaulu pekee." Haya, nisaidieni jamani: hapa si ndiyo wameshawasiliana nami? Nimeusoma mara saba. Shemeji anasema huo unatumwa na kompyuta, nisijipe presha. Kompyuta! Yaani hata binadamu wa kuninyima kazi amekosekana.

Na nilijiandaa, msinione hivi. Walitaka mtu anayeanza kazi mwenye uzoefu wa miaka 5, hilo tuliache. Tovuti yao niliisoma hadi kurasa ambazo wenyewe wamezisahau. Nikafika dakika 15 kabla, kama wataalamu wanavyoshauri, nikaitwa masaa matatu baadaye. Hata ile mbinu ya hatua 4 niliikariri: eleza hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, matokeo. Wiki nzima mke wangu akiniuliza ufunguo uko wapi, naanza na hali ilivyokuwa.

Naingia. Watu watano upande ule wa meza, mimi peke yangu upande huu, utadhani nimeiba. "Karibu, keti." Kiti chenyewe ni kile cha kuzunguka, chenye bomba katikati na kishikio chini ya kalio. Kikanipokea: fssss. Nikajifanya sijasikia.

"Jieleze." Nikajieleza. Fssss. Kila nikitaja cheti, nashuka kidogo. Sasa wataalamu wamesema umtazame msaili machoni, usitetereke. Nikamkazia mama mwenye miwani macho. Kutahamaki namtazama kidevu. Kisha kifungo cha koti. Na shingo yangu haijasogea! Nikapapasa kile kishikio kimyakimya, nikakivuta. Kiti kikatoa pumzi yote iliyobaki. Magoti yakapanda kifuani, bahasha ya vyeti ikatelezea chini ya meza.

"Udhaifu wako mkubwa ni upi?" mama akauliza, ameinama kidogo kunitafuta.

Jibu nilikuja nalo kutoka nyumbani. "Napenda kazi kupita kiasi, sijui kupumzika."

"Wewe ni wa nne leo," akasema huku anaandika. "Huu ugonjwa umeingia lini? Haya, tupe mfano halisi."

Hali ilivyokuwa... jukumu... hatua ya tatu ikayeyuka. Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema kweli: "Udhaifu wangu, mheshimiwa, jambo likiniharibikia huwa nanyamaza. Kwa mfano, hiki kiti kinashuka tangu nimeingia."

Kimya. Mzee wa pembeni, ambaye muda wote alikuwa anasoma karatasi, akainua kichwa. "Kumbe bado hakijatengenezwa?"

Bado! Kwa hiyo walijua! Watu watano wazima, wote wana kazi, wote wana mishahara, wanajua kiti ni kibovu, na bado mimi ndiye ninayeulizwa natatuaje matatizo kazini! Nina miezi 14 nyumbani, mimi. Kutoa nakala za vyeti peke yake kumenimaliza, halafu nazitoa nakala ili nikae chini ya meza?

"Unajiona wapi baada ya miaka 5?"

"Usawa wa meza tu, mheshimiwa, panatosha."

Mshahara ninaoutarajia? Ukitaja mkubwa una tamaa, ukitaja mdogo hujithamini, ukisema tutaelewana huna msimamo. Una swali kwetu? Wataalamu wanasema ni mwiko kukosa swali, nikauliza kama kuna anayeweza kunisogezea bahasha yangu kwa mguu.

Nje nikapishana na binti anayefuata, ananong'ona, "Kaka, wanauliza nini?" Nikamwambia, "Dada, ukikaa, kaa kwa tahadhari." Akadhani ni methali. Akaiandika kwenye daftari.

Halafu kuna hii tai ya kuazima. Mwenyewe ameshaiulizia mara mbili, naye ana usaili Jumatatu. Tai hii imezunguka saili sita kwa shingo tatu tofauti, haijaajiriwa hata siku moja. Shemeji anasema mkosi uko kwenye fundo, mimi nasema ni rangi, yule mwenyewe anasema ni shingo zetu. Ngoja kwanza, nani kachukua chaja yangu? Simu ina asilimia 4 hii, na hao watu wakipiga...