Serikali ikifunga hospitali, kemisti haifungwi

Jumapili iliyopita kwa chama chetu cha kuweka akiba hapa Nyalenda, Kisumu, tuliacha hesabu ya pesa tukaanza kubishana, manake kuna mama alisema serikali inafaa ipige marufuku kabisa mambo ya kutoa mimba na daktari asiachiwe hata mwanya mdogo, na nesi mmoja mstaafu aliyekuwa ameketi karibu na mlango akamwambia mama wewe hujawahi kuwa kwa wodi saa nane usiku ukapokea msichana ameletwa na boda akiwa amelowa damu mpaka kwa viatu. Ikawa kelele. Sikusema mengi siku hiyo lakini nimekaa nayo wiki nzima, kwa sababu naona wote wawili wako na kitu.

Kwanza sheria, maana pale nusu ya watu walidhani imekatazwa kabisa na nusu wakadhani iliruhusiwa kitambo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26, inasema uhai unaanza mimba ikitungwa, halafu inasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa mhudumu wa afya mwenye mafunzo aone kuna haja ya matibabu ya dharura, ama maisha au afya ya mama iko hatarini, ama kuwe na sheria nyingine inayoruhusu. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba huyo mhudumu si lazima awe daktari, nesi, mkunga na klinikal ofisa pia wamo. Lakini ile sheria ya jinai ya tangu mkoloni bado iko palepale: anayetoa kifungo cha miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, anayeleta dawa ama vifaa akijua kazi yake miaka 3. Polisi anashika hii, katiba inasema ile, na nesi wa dispensari kijijini yuko katikati na familia ya kulisha, sasa atafanya nini, atasema tu hapa hatufanyi hiyo kitu, nenda mbele.

Sasa huyo mama. Watu wa upande wangu, wanaotaka daktari aachiwe nafasi, huwa wanamcheka kama mshamba na hiyo inaniudhi sana. Anasema mtoto aliye tumboni hana chama, hana wakili, hana kura, sasa serikali isipomsimamia nani atamsimamia? Hilo si swali la kijinga. Tena kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010 makanisa mengi yalipinga katiba nzima kwa sababu ya hicho kifungu na mahakama za kadhi, na hicho kipengele cha uhai kuanza mimba ikitungwa kikabaki mle kama mahali pa kukutana. Huwezi kuja leo ukasema hawa watu hawana haki ya kuuliza.

Na kuna jambo lingine alisema ambalo lilinigonga. Alisema ukifungua hii mlango, atakayefaidika wa kwanza ni mwanaume. Jamaa ameharibu msichana wa kidato cha pili, anampa nauli na pesa kidogo, anamwambia enda utoe, keisi imeisha, ushahidi umeenda. Kwa hivyo kuzuia ni kumlinda msichana asisukumwe. Nimefikiria hiyo sana, kwa sababu ni kweli hayo yanafanyika na sote tunajua majina. Lakini nikijiuliza yanafanyika wapi, jibu ni uchochoroni, kwa kemisti ya kupitia nyuma, kwa mtu ambaye hana haja ya kujua msichana ana miaka mingapi, analipwa na anafunga mlango. Kwa hospitali ya maana kuna fomu ya manusura wa ubakaji inajazwa, kuna kipimo kinachukuliwa, kuna mtu anauliza nani alifanya hivi, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaanza kufanya kazi. Yaani woga wa huyo mama ni wa haki kabisa, ila dawa anayoitaka ndiyo inampa huyo mwanaume mahali pa kujificha.

Upande wa nesi una hesabu yake. Utafiti uliofanywa na wizara ya afya pamoja na watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu Afrika, ulikadiria kwamba mwaka 2012 peke yake mimba kama 465,000 zilitolewa Kenya, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa matatizo yaliyotokana nazo. Rift Valley, Nyanza na Western ndizo zilikuwa juu, kwa hivyo hii si habari ya Nairobi, ni ya Nakuru, ni ya Kisumu, ni ya huku kwetu. Na hiyo yote ilitokea sheria ikiwa imekaza. Mwaka huohuo wa 2012 wizara ilitoa mwongozo wa kuwaambia wahudumu wafanye nini na wapi, Desemba 2013 ikauondoa, na mapema 2014 ikaandika barua ya kuwakataza hata kusomeshwa mambo hayo. Mwisho wa mwaka huo binti mmoja wa Kisii aliyekuwa amenajisiwa akiwa na miaka 14 alitolewa mimba vibaya, figo zikaharibika, akahangaishwa hospitali hadi hospitali na akafa 2018. Mahakama Kuu ilisema Juni 2019 kwamba kuuondoa ule mwongozo kulivunja katiba, ikaamuru mamake alipwe shilingi milioni tatu. Milioni tatu, na mtoto ameshazikwa.

Nje ya Kenya kuna mifano ya kuwasumbua wote wawili. Romania ilikataza kutoa mimba karibu kabisa kutoka 1966, lengo likiwa watu wazae, na wanawake wakafa wengi kuliko karibu nchi yoyote ya Ulaya, halafu baada ya utawala kuanguka Desemba 1989 na marufuku kuondolewa vifo vya uzazi vikashuka karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Afrika Kusini iliruhusu kwa sheria ya 1996 na vifo vya aina hii vikapungua kwa zaidi ya asilimia 90 ndani ya miaka michache, lakini mpaka leo ukitembea mitaani huko utaona vibandiko vya watu wasio na leseni wakitangaza hii kazi, kwa sababu hospitali zinazotoa huduma ni chache na wahudumu wengi wanakataa. Kwa hivyo kuruhusu kwa karatasi peke yake pia hakutoshi, na hapo mama ako sawa kuwaambia wanaharakati wasimuuzie sheria kama ndiyo suluhisho la kila kitu.

Mimi naona mipaka iwepo, sina shida na mipaka, katiba yenyewe iliiweka na watu wakaipigia kura. Shida yangu ni mipaka inayowekwa kwa woga. Mwenye pesa anaingia kliniki ya kibinafsi Milimani na anatoka na risiti, wa mtaa wa mabanda wa Obunga anaambiwa enda mbele, na mbele ni kwa kemisti. Mipaka ya kweli ingeandikwa ubaoni kwa kila hospitali ya kaunti, nani anahudumiwa, anahudumiwa na nani, kwa sababu gani, na nesi ajue akifuata hayo polisi hatamgusa. Na wale tunaosema tunapenda watoto tungeanza mapema zaidi, Homa Bay pale ng'ambo takwimu za serikali za 2022 zinasema wasichana 23 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kubeba mimba, na bado tukisikia neno uzazi wa mpango shuleni tunapiga kelele.

Swali ambalo mama hajanijibu, na nitamuuliza tena chama kikikutana, ni hiyo miaka saba ya mwanamke mwenyewe. Msichana akitokwa na damu huko nyumbani akikumbuka hiyo miaka saba, anangoja, haendi hospitali, na akingoja sana wanakufa wote wawili, yeye na huyo mtoto mama alitaka kumlinda.