B ya Darasa Gani? Muktadha wa Alama katika Hati za Matokeo ya Chuo Kikuu

Aliyesoma shule yoyote hapa Tanga, iwe ya Ngamiani au ya Chumbageni, anaukumbuka mstari uliokaa chini ya ripoti ya mwisho wa muhula: nafasi ya 9 kati ya 52. Wazazi wengi walianza na huo kabla ya kuzitazama alama zenyewe, kwa sababu 61 ya Hisabati haikuwaambia kitu mpaka wajue wenzake na mtoto wao walipata ngapi. Mtoto huyohuyo akienda chuo kikuu hurudi na hati ya matokeo, ile ambayo wanafunzi huiita transkripti, yenye safu ya B+, B na C na GPA, yaani wastani wa alama zote, iliyokokotolewa kwa kipimo cha 5, lakini ile 52 haimo tena.

Miaka michache iliyopita niliombwa kusaidia kuchuja maombi ya kazi katika ofisi moja ya hapa mjini. Kikomo kilikuwa GPA ya 3.5. Faili la kwanza lilikuwa na 3.7 na likapita bila maneno. La pili lilikuwa na 3.4, na kilichoishusha ni C mbili za masomo ya takwimu. Mmoja wetu, aliyewahi kusoma katika idara hiyohiyo, akaweka kidole juu ya C moja na kusema kwamba enzi zake aliyepata C katika somo lile alipongezwa. Hatukuwa na namna ya kuthibitisha kauli yake, wala haikuwa haki kumpendelea mwombaji kwa kumbukumbu ya mtu mmoja, kwa hiyo faili likawekwa upande wa waliokosa. Jambo hilo limenikaa moyoni tangu siku ile.

Wapo waliojaribu kulitatua. Chuo cha Dartmouth nchini Marekani kiliamua mwaka 1994 kwamba kando ya alama ya mwanafunzi ichapishwe idadi ya waliosoma somo hilo pamoja na alama ya kati, yaani ile inayoligawa darasa nusu kwa nusu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: pale ambapo karibu kila mtu anapata A, msomaji wa hati ana haki ya kuambiwa hivyo. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani mwaka 2013 Harvard ilikiri kwamba alama iliyotolewa mara nyingi zaidi kwa wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ilikuwa A.

Wanaopinga nao wana ushahidi wao, na ulio mzito zaidi unatoka Cornell, chuo kikuu kingine cha Marekani. Chuo hicho kilianza mwaka 1998 kuziweka alama za kati za masomo kwenye intaneti, kikitarajia kwamba wanafunzi wangepata ujasiri wa kuchukua masomo magumu. Watafiti walipochunguza waliona kinyume chake: wanafunzi walizidi kuyakimbilia masomo ambayo alama zake za kati zilikuwa juu. Mwaka 2011 Cornell ikaacha kuziweka hadharani.

Hata hivyo, mfano huo hauwezi kuhamishiwa kwetu mzimamzima. Mwanafunzi wa Marekani huchagua sehemu kubwa ya masomo yake, ilhali wa kwetu hupangiwa mengi kuwa ya lazima tangu siku anapodahiliwa katika programu yake. Hata akijua kwamba somo la takwimu linabana, hana pa kulikwepea. Kwa hiyo hatari iliyoiangusha Cornell kwetu ni ndogo, wakati faida inabaki palepale.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine. Alama ya kati ikiwa juu, haisemi kama mwalimu ni mlegevu, kama amefundisha vizuri, au kama darasa lilijaa vijana hodari. Anayepata B katikati ya wanafunzi wa udaktari, walioingia kwa ushindani mkali, ataonekana wa kawaida kwa sababu tu amezungukwa na wakali. Baraza la Mitihani la Taifa lilipoacha, Januari 2023, kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, mjadala uligusa jambo lilelile: kulinganisha watu ambao mazingira yao hayalingani. Wengine husema pia kwamba watahini wa nje tayari wanatosha. Kwa hili sikubaliani nao, kwa kuwa mtahini wa nje hupima ubora wa mtihani na usahihishaji, na maoni yake hayamfikii mwajiri anayeisoma hati.

Baada ya kuyapima yote, naona vyuo vyetu viweke mambo mawili tu kando ya kila alama: idadi ya waliofanya mtihani na alama ya kati. Nafasi ya mwanafunzi isiwekwe, kwani kuwa wa 40 katika darasa la 45 kutamwandama kijana hata kama wote walifaulu vizuri. Darasa la watu sita au saba nalo liachwe, maana hapo alama ya kati inakaribia kuwataja wenyewe. GPA ibaki ilivyo, maana vyuo vikuu vya umma huidai, isiyopungua 3.8, kwa wanaoomba ukufunzi msaidizi.

Kazi ya ziada si kubwa, kwa sababu alama zote tayari zimo katika mifumo ya kompyuta ya vyuo, na nyuma ya hati tayari kuna maelezo ya A ni ngapi na B+ ni ngapi. Kinachohitaji uangalifu ni tarehe ya kuanza. Cornell ilipoamua kuingiza alama za kati katika hati zenyewe, ilianza na walioingia chuoni mwaka 2008 na kuwaacha waliotangulia wamalize kwa utaratibu waliouanza nao. Nasi tuanze na wa mwaka wa kwanza.